Ukiikata Picha, Zihesabu Upya Nukta Zake

Mito mingi ya mchanga ya Ukambani ni myembamba. Nzeeu, Kalundu, Kaiti, Thua: wakati wa kiangazi, mtoto anayechota maji kwenye kisima cha mchangani huongea na mwenzake aliye ng'ambo bila kupaza sauti. Sasa chukua picha ya Landsat, ambayo pikseli yake moja ni mita 30 kwa 30, uilinganishe na nyingine ya miaka kumi nyuma. Picha hizo zikipishana kwa pikseli moja tu, mto umehamia shambani na shamba limeingia mtoni. Programu itakuchorea ramani safi yenye rangi nyekundu ukingo mmoja na kijani ukingo wa pili, kana kwamba uoto umekufa huku na kuota kule. Ripoti itaandikwa, na bwawa la mchanga litasifiwa au kulaumiwa kwa jambo ambalo halikutokea ardhini.

Makala haya ni kwa wanaofanya kazi hiyo: mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya pale Kwa Vonza, afisa wa mipango Wote au Kitui mjini, kijana wa shirika linalofuatilia mabwawa ya mchanga, ambayo shirika la SASOL lilianza kuyajenga Kitui miaka ya 1990. Mwaka 1998 watafiti Dai na Khorram walionyesha kwamba ukitaka kosa la kutambua mabadiliko libaki chini ya asilimia 10, picha zako zisipishane zaidi ya sehemu moja ya tano ya pikseli. Kwa Landsat hiyo ni mita 6. Kwa Sentinel-2, yenye pikseli ya mita 10, ni mita 2. Kwa jicho huwezi kuufikia usahihi huo; unafikiwa kwa nukta za kufungia zilizochaguliwa vizuri na kuhesabiwa vizuri.

Nukta ya kufungia ni mahali pamoja penye anwani mbili. Anwani ya kwanza iko ndani ya picha: safuwima ya ngapi kutoka kushoto, safumlalo ya ngapi kutoka juu. Ya pili iko ardhini, au kwenye picha rejea: mita ngapi mashariki, mita ngapi kaskazini. Ushauri wangu wote unatoka hapo: lolote utakaloifanyia picha, lifanyie pia anwani ya kwanza, lolote utakalolifanyia mfumo wa ramani, lifanyie anwani ya pili. Lifanye kwa hesabu, ndani ya programu. Usiiburute nukta kwa kipanya mpaka "ikae vizuri".

Kwanza uliza kama kazi yenyewe inahitajika

Watu wengi hukimbilia nukta za kufungia kabla ya kujua kama picha zao zimepishana. Landsat za Collection 2, zilizoanza kutolewa Desemba 2020, tayari zimerekebishwa kwa kutumia modeli ya mwinuko na zimelinganishwa na picha rejea ya Sentinel-2. Sentinel-2 nazo, kuanzia 2021, zinachakatwa kwa kufungwa kwenye picha hiyo hiyo rejea. Kabla ya hapo hali ilikuwa mbaya: utafiti wa 2016 ulikadiria kuwa Landsat 8 na Sentinel-2 zingeweza kupishana hadi mita 38. Kwa hiyo ukikuta kwenye diski ya ofisi picha za Sentinel-2 zilizopakuliwa 2016 au 2017, usianze kuzifunga kwa mkono. Pakua upya toleo lililochakatwa tena, kisha pima.

Kupima si kazi kubwa. Chagua vidirisha kumi au kumi na tano vilivyotawanyika kwenye picha zote mbili, hesabu msogeo wa kila kimoja kwa njia ya ulinganifu wa mawimbi, uandike matokeo. Yakibaki chini ya sehemu moja ya tano ya pikseli, ziache picha zilivyo. Ukizipinda bila sababu utaongeza kosa mahali ambapo halikuwapo.

Picha zinazohitaji nukta kweli ni za aina nyingine. Kuna Landsat za kwanza, kuanzia 1972, zenye pikseli inayotolewa kwa mita 60. Nyingi kati yake hazikufikia daraja la juu la usahihi. Kuna picha za droni zilizopigwa bila vipimo vya ardhini. Kuna za setilaiti ndogo, ikiwemo ya Kenya, Taifa-1, iliyorushwa Aprili 2023. Na kuna hazina kubwa ya picha za ndege. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipoandika kitabu chao cha 1994 kuhusu Machakos ya zamani, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992, mabadiliko ya matumizi ya ardhi yalisomwa kwenye picha za ndege za 1948, 1961 na 1978. Anayetaka kujua matuta ya Mbooni yalienea lini atarudi kwenye picha kama hizo, na picha ya ndege iliyopitishwa kwenye skana haina kodineti hata moja. Unaifunga mwenyewe.

Hesabu ya anwani ya kwanza

Tuangalie mfano mmoja kwa karibu. Tuseme una picha ya ndege ya inchi 9 kwa 9, iliyoskaniwa kwa nukta 1,200 kwa inchi. Hiyo ni pikseli 10,800 kila upande. Ikiwa skeli yake ni 1:50,000, pikseli moja inafunika kama mita moja ya ardhi. Umeitambua njia panda fulani kwenye safuwima ya 6,240 na safumlalo ya 3,115, na umeiandika.

Kisha unaanza kuitengeneza picha. Unakata mpaka mweusi, pikseli 300 kushoto na 300 kulia, 260 juu na 260 chini. Picha ni nzito, basi unaipunguza kwa nusu. Halafu unagundua kwamba iliskaniwa kwa ubavu, unaizungusha nyuzi 90 kwa mwendo wa saa. Njia panda bado ipo, lakini 6,240 na 3,115 si anwani yake tena.

Kukata na kupunguza ni mistari miwili:

wima_mpya = (wima - kata_kushoto) * kipimo
mlalo_mpya = (mlalo - kata_juu) * kipimo

Ukitoa 300 na 260 unapata 5,940 na 2,855. Ukizidisha kwa 0.5 unapata 2,970 na 1,427.5. Usiikate ile nusu ya mwisho: anwani ya nukta ni namba yenye desimali, na anayeigeuza kuwa namba kamili katika kila hatua hupoteza usahihi kidogo kidogo mpaka sehemu ya tano ya pikseli imeliwa yote.

Sasa mzunguko. Picha iliyokatwa na kupunguzwa ina upana wa 5,100 na kimo cha 5,140. Ukiizungusha kwa mwendo wa saa, kilichokuwa juu kinakwenda kulia:

wima_mpya = kimo - mlalo
mlalo_mpya = wima

Njia panda yetu sasa iko safuwima ya 3,712.5 na safumlalo ya 2,970. Angalia mitego miwili. Wa kwanza: kimo kinachotumika ni cha picha kabla ya kuzungushwa, si baada. Wa pili: ukitumia jina moja, yaani ukaandika wima = kimo - mlalo na mstari unaofuata mlalo = wima, mlalo utapokea thamani mpya badala ya ile ya zamani, na nukta zako zote zitajipanga kwenye mstari mmoja wa mshazari. Hesabu zote mbili kwanza, ndipo ubadilishe majina.

Hatua zikizidi tatu, acha kuzifuata moja moja. Ziandike kila moja kama matriki ya 3 kwa 3, uzizidishe kwa mpangilio uliozifanya, upate matriki moja. Faida yake kubwa ni kwamba matriki hiyo ina kinyume chake: nukta uliyoitambua kwenye picha iliyozungushwa inaweza kurudishwa kwenye skani ya asili bila kubahatisha. Ndiyo maana kanuni yangu ni hii: faili la nukta lihifadhi anwani za picha ya asili peke yake, ile isiyokatwa wala kupunguzwa. Nyingine zote zizalishwe na programu zinapohitajika. Ukihifadhi anwani za picha ya kati, siku mtu akiifuta picha hiyo, nukta zako zimebaki yatima.

Nusu pikseli na namba zilizogeuzwa

Kabla ya kuandika nukta ya kwanza, amua kama unahesabu kutoka pembe ya pikseli au kutoka katikati yake. Mfano wa juu unahesabu kutoka pembe: sifuri ni ukingo wa kushoto kabisa wa picha. Anayehesabu katikati ya pikseli ya kwanza kuwa sifuri lazima aongeze 0.5 kabla ya kuzidisha na kuitoa baadaye, na kwenye mzunguko atumie kimo - 1 - mlalo. Kosa la nusu pikseli kwenye picha ya ndege ni nusu mita, huenda lisikuumize. Kwenye Landsat ni mita 15, na linatokea mara nyingi kwa sababu faili la maelezo linaloambatana na Landsat hutaja kodineti za katikati ya pikseli ya pembeni, ilhali programu ya GDAL hutarajia kona yake. Ukiifungua picha yenyewe kwa GDAL, hulishughulikia hilo. Ukinakili namba kutoka faili la maelezo ukaunda fremu yako mwenyewe, mto wa Kaiti umesogea mita 15 mashariki-magharibi na 15 kaskazini-kusini kabla hujaanza kazi.

Mtego mwingine ni mpangilio wa namba, kwa sababu kila chombo kina desturi yake. Amri ya gdal_translate hupokea safuwima, safumlalo, mashariki, kaskazini. Lakini gdal.GCP ndani ya Python hupokea mashariki, kaskazini, mwinuko, ndipo safuwima na safumlalo. Rasterio huanza na safumlalo, kisha safuwima, kisha mashariki na kaskazini. Faili la nukta la QGIS huanza na mashariki na kaskazini, halafu safuwima, halafu safumlalo ikiwa na alama ya kutoa mbele yake, kwa kuwa pale juu ni sifuri na kushuka ni hasi. Usitegemee kumbukumbu. Weka nukta zako kwenye jedwali lenye vichwa vya safu vilivyoandikwa wazi, kisha andika kazi moja ndogo kwa kila chombo inayozipanga upya. Ukishaijaribu kwa nukta moja unayoijua, huna haja ya kulifikiria tena.

Mita 300 za Arc 1960

Tukija kwenye anwani ya pili, Kitui na Makueni zina mitego yao maalumu. Ramani za 1:50,000 za Survey of Kenya zilijengwa juu ya mfumo wa kodineti wa Arc 1960, kwa msimbo EPSG:21037. Sentinel-2 iko kwenye WGS 84 kanda ya 37 Kusini, EPSG:32737. Ukisoma kodineti ya daraja kwenye karatasi ya zamani ukaiingiza kana kwamba ni ya WGS 84, daraja lako litaangukia karibu mita 300 kaskazini na zaidi ya mita 90 magharibi ya mahali pake. Kibaya zaidi, nukta zako zote zikitoka kwenye karatasi hiyo, zitasogea pamoja na kosa la wastani litaonekana dogo kabisa. Picha itakaa vizuri sana, mahali pasipo pake.

Kinga yake ni rahisi: geuza nukta moja, uchapishe matokeo, utazame. Katika eneo hili, kutoka Arc 1960 kwenda WGS 84, namba ya kaskazini inapaswa kupungua kwa kama mita 300 na ya mashariki kuongezeka kwa kama mita 90. Ikibaki ileile, programu haikugeuza chochote. Imebadilisha lebo tu.

Mtego wa pili unatoka kwa Landsat. Sentinel-2 hutumia kanda ya Kusini, lakini Landsat hutolewa kwenye kanda ya Kaskazini hata kwa maeneo yaliyo chini ya Ikweta, yaani EPSG:32637. Kitui mjini, kwenye kigae cha Sentinel-2 kiitwacho 37MCU, kaskazini yake ni kama 9,849,000. Kwenye Landsat ya njia ya 167, safu ya 61, mji huohuo uko kama -151,000. Tofauti ni mita 10,000,000 kamili, na umbali wa mashariki haubadiliki hata mita moja. Programu za ramani hulijua hilo. Asiyelijua ni jedwali la nukta lililojazwa na watu wawili, mmoja akisoma kwenye Landsat na mwingine kwenye Sentinel-2. Kila nukta iwe na safu inayotaja msimbo wa mfumo wake, na programu ikatae nukta isiyo nao.

Nukta gani zinafaa Ukambani

Nukta nzuri haihami, inaonekana kwenye picha zote mbili, na iko usawa wa ardhi. Kwa masharti hayo, alama nyingi zinazovutia macho huanguka mtihani.

Mito ya mchanga ndiyo ya kwanza kuanguka. Gharika moja ya Novemba hubadilisha ukingo, na uchimbaji wa mchanga, ambao Makueni iliutungia sheria mwaka 2015, huutanua zaidi. Makutano ya Thwake na Athi yalikuwa kona iliyo wazi kwenye picha za zamani. Tangu 2018 pale pana ujenzi wa bwawa kubwa, na ardhi yenyewe imebadilika umbo. Barabara ikitiwa lami hunyooshwa kona, kwa hiyo njia panda ya 1978 huenda isiwe ile ya leo hata kama jina la soko halijabadilika.

Reli nayo ina ujanja wake. Reli ya zamani ilipita Makueni mwishoni mwa karne ya 19, ikielekea Nairobi iliyofikiwa 1899. Reli ya SGR ilizinduliwa 2017 na katika sehemu kadhaa inakwenda jirani na ile ya kwanza. Pale Emali, Kibwezi na Mtito Andei unaweza kuchukua makutano ya SGR na barabara kwenye picha mpya, ukachukua ya reli ya zamani kwenye picha ya nyuma, ukaamini ni pamoja. Kabla ya kukubali nukta yoyote ya reli, jiulize picha hiyo ni ya kabla au baada ya 2017.

Zinazofaa ni zipi? Kwenye picha za setilaiti, kingo za majabali tambarare ni bora, yale ambayo Mutomo na Ikutha watu huyajengea kuta za kukingia maji ya mvua. Jiwe halina msimu. Makutano ya barabara kuu ambazo hazijabadilishwa pia yanafaa. Kwenye picha za ndege zenye pikseli ya mita moja, kuna alama ambayo watu wa nje hawaifikirii: mbuyu. Kibwezi na Kitui Kusini kuna mibuyu iliyokuwa mikubwa tayari mwaka 1948 na bado imesimama. Piga nukta kwenye shina, si kwenye ukingo wa matawi, na uchague miti iliyo peke yake. Mbuyu ulio kwenye kundi utakuchanganya na jirani yake.

Halafu kuna urefu. Jabali la Nzambani linaonekana toka mbali, na ndiyo sababu halifai. Kamera isiyotazama chini moja kwa moja hukisukuma kilele pembeni. Kwenye ukingo wa picha ya Landsat, ambako pembe inafika kama nyuzi 7.5, kila mita 100 ambazo modeli ya mwinuko imekosea husogeza kilele kama mita 13. Kwenye picha ya ndege ni hatari zaidi. Kwa lenzi ya milimita 152 na skeli ya 1:50,000, kilima kilichopanda mita 300 juu ya bonde, kikiwa sentimita 10 kutoka katikati ya picha, kinasogea karibu mita 200. Kwa hiyo milima ya Mbooni na Kilungu haiwezi kufungwa kwa nukta za bondeni peke yake. Ingiza mwinuko wa kila nukta kutoka modeli ya SRTM au ya Copernicus, ufanye urekebishaji kamili wa mwinuko, badala ya kutarajia mlinganyo wa kupinda picha ulibebe jambo lisilo lake.

Programu ikitafuta nukta yenyewe

Siku hizi programu inaweza kupata mamia ya nukta kwa dakika chache. AROSICS, iliyoandikwa kwa Python katika kituo cha GFZ cha Potsdam, Ujerumani, hutumia ulinganifu wa mawimbi. Nyingine hutafuta alama kwa SIFT kisha huchuja kwa RANSAC, njia iliyochapishwa 1981. Zitumie, lakini chagua picha utakazozipa.

Nyika ya Kitui hupukutisha majani kiangazi na kuvaa kijani wiki chache baada ya mvua. Picha ya Septemba na ya Desemba za mahali pamoja hazifanani, na programu itafananisha vivuli na mawingu kwa kukosa kingine. Linganisha kiangazi na kiangazi. Epuka pia Juni na Julai kwa upande wa vilima, kwani asubuhi ukungu hulala juu yake saa ileile setilaiti inapopita.

Vivuli vina hila nyingine, inayotokana na kuwa karibu na Ikweta. Setilaiti hizi hupita asubuhi. Mwezi wa Juni jua liko kaskazini-mashariki, kwa hiyo kivuli cha Nzambani kinaangukia kusini-magharibi. Desemba jua liko kusini-mashariki, na kivuli kimehamia kaskazini-magharibi. Huko Ulaya kivuli cha asubuhi hurefuka na kufupika lakini hubaki upande wa kaskazini mwaka mzima. Huku kwetu kinavuka upande. Programu inayofananisha kingo za giza itaona kilima kizima kimetembea. Chukua picha za mwezi mmoja, au angalau zenye jua la upande mmoja.

Kosa sifuri si sifa

Ukishapata nukta, unachagua mlinganyo. Wa daraja la kwanza unahitaji nukta zisizopungua 3, wa daraja la pili 6, wa tatu 10. Ukitumia kiwango hicho cha chini kabisa, kosa litakuwa sifuri daima, hata kama nukta zote ni za kubuni. Mlinganyo wa bamba jembamba, ambao gdalwarp huuita kwa alama ya -tps, hupita juu ya kila nukta, kwa hiyo nao huonyesha sifuri daima. Njia ya mwongo ni fupi: sifuri hiyo haisemi lolote kuhusu usahihi wa picha.

Kinachosema ukweli ni nukta ambazo mlinganyo haukuziona. Tenga robo ya nukta kabla ya kuanza, uzifungie kwenye faili lake, usiziguse. Ukimaliza kuipinda picha, zitumie kupima. Namba inayotoka hapo ndiyo utakayoiandika kwenye ripoti.

Kwa setilaiti, anza na daraja la kwanza, na usipande daraja bila sababu inayoonekana ardhini. Hapa tatizo ni mtawanyiko. Nukta rahisi ziko magharibi: Wote, Barabara ya Mombasa, Kitui mjini. Mashariki ya Kitui, kuelekea Tana River, ni nyika tupu yenye njia chache. Ukiweka nukta thelathini magharibi na mbili mashariki, mlinganyo wa daraja la tatu utatulia vizuri Wote na kuruka mamia ya mita huko ambako hakuna wa kuushika. Afadhali nukta sita za majabali huko mashariki kuliko nyingine ishirini mjini.

Nukta ikionyesha kosa kubwa, usiifute papo hapo, na usiisogeze ili namba ipendeze. Itafutie sababu kwa mpangilio huu: je, mashariki na kaskazini zimebadilishana? Je, tarakimu moja imeandikwa vibaya? Je, tofauti ni kama mita 300 kuelekea kaskazini, dalili ya Arc 1960? Je, iko juu ya kilima? Je, kitu chenyewe kimehama? Ukipata jibu, rekebisha na uandike ulichorekebisha. Ukikosa jibu, iondoe, lakini ibaki kwenye jedwali ikiwa na alama ya kuzimwa na sababu mbele yake. Alama ya -refine_gcps ya gdalwarp hutupa nukta mbaya yenyewe. Ni msaada, ila huzitupa bila kukuambia kwamba zote ilizozitupa zilikuwa upande wa milima ya Mbooni, na hapo ndipo ulipohitaji kujua.

Pinda mara moja, kabidhi vyote

Kila mara picha inapopindwa, thamani za pikseli huchanganywa na za jirani. Ukikata, ukapinda, ukageuza mfumo, ukapinda tena, mwisho wake mto mwembamba unafifia. Zikusanye hatua zote kwenye hesabu ya nukta, kisha ipinde picha ya asili mara moja, moja kwa moja hadi mfumo wa mwisho. Kwa ramani ya matabaka ya uoto tumia pikseli iliyo karibu, isije ikazaliwa tabaka ambalo halipo; kwa picha ya mwangaza, njia za bilinia au kyubiki zinafaa.

Unapoikabidhi kazi, usikabidhi picha peke yake. Toa na skani ya asili, jedwali la nukta katika anwani za asili, msimbo wa mfumo wa kila nukta, programu iliyozihesabu, nukta za ukaguzi na kosa lake kwa mita. Wengine huogopa kwamba wakionyesha kosa la mita 9 wataonekana hawajui kazi. Mficha uchi hazai. Atakayechukua kazi hiyo baada ya miaka mitano, akiwa na setilaiti mpya na picha bora, akikuta jedwali lako ataongeza nukta tano mashariki ya Kitui na kuendelea. Akikuta picha tupu, ataanza upya na kurudia makosa yaleyale, na mwenye bwawa atasubiri tena kujua kama mchanga wake unashika maji.